Vikapu vya Fundi Bomba

Fundi Bomba alistaafu siku ya Ijumaa, na ilipofika Jumatatu mkewe alikuwa ameshatamani aajiriwe upya. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda vizuri tu, mapenzi ya mtu anayeondoka asubuhi na begi la spana, anarudi jioni akinuka gundi ya mabomba, anakula, anasimulia sinki la nani limeziba na kitu gani kimetolewa humo, analala. Mapenzi ya aina hiyo yalikaa miaka mingi bila kudai chochote. Haya mapya ya kutwa nzima, ya mwanamume kusimama mlangoni mwa jikoni akiuliza kwa nini vitunguu vinakaa kwenye ndoo na si kwenye kabati, hakuna aliyekuwa amemwandaa kwayo.

Kwanza mzee alifungua mabomba yote ya nyumba, ambayo yalikuwa mazima, akayafunga tena kwa nguvu zaidi, mpaka mkewe akawa anahitaji mikono miwili ili anawe uso. Kisha akapanga vyombo vya jikoni kwa ukubwa, kama alivyozoea kupanga viungo vya mabomba, mama wa watu akashinda anatafuta mwiko. Baada ya hapo hapakuwa na kitu kingine cha kukaza ndani ya nyumba ile, na macho ya mzee yakahamia uani, kwenye vikapu.

Majirani walimwita mkewe Mama Vikapu, na jina hilo hakulipata kwa upendeleo. Alisuka vikapu vya kuokotea: vya uyoga, vya mboga za porini, vya yale matunda madogo yanayoiva vichakani mvua zikielekea kwisha. Alisuka kwa fito nyembamba alizokuwa akiziloweka kwenye pipa lililokatwa nusu, nyuma ya nyumba, amekalia kigoda, miguu ameinyoosha, kikapu katikati ya magoti. Asiyejua angesema ni vikapu kama vikapu vingine. Anayejua angekigeuza kwanza akitazame chini. Kitako cha kikapu cha kuokotea lazima kiwe na nafasi, kidole kidogo kipite kati ya ufito na ufito, ili mchanga udondoke njiani, upepo uingie, na mdudu aliyebebwa kwa bahati mbaya apate pa kutokea. Ubavu unabana, kitako kinaachia. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na shangazi yake, aliyekuwa akimchapa kofi la mkono kila alipokosea.

Na vikapu hivyo ndivyo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa cha familia nzima. Watoto walikuwa wa wote wawili, kitanda cha wote wawili, na jina alilopewa na wazazi wake lilishamezwa zamani na kuitwa mama fulani. Lakini vikapu, na zile asubuhi za kwenda navyo kwenye msitu ulio nyuma ya machimbo ya kokoto, vilikuwa vyake. Huko hakuna aliyemuuliza chumvi iko wapi. Aliokota, akanyamaza, akasikiliza nyayo zake mwenyewe. Hakuwahi kumweleza mtu jambo hilo, maana halikuwa na haja ya kuelezwa, mpaka mume alipostaafu na kusema kwamba naye angependa kwenda.

Alimwambia kuna matope. Mume akasema mabuti anayo. Akamwambia kuna nyoka. Mume akasema kwamba yeye ameingia kwenye mashimo ya majitaka ya nusu ya mji huu, nyoka atamtisha na nini. Akamkumbusha goti lake, mume akajibu kuwa goti limepona tangu lilipoacha kupigwa sakafuni chini ya masinki ya watu. Mwisho mama akaishiwa, akadanganya kwamba wanawake wenzake wa msituni hawapendi kuongozana na wanaume. Hilo mume alilikubali. Akasema, "Aa, basi sawa," akarudi kukaa kwenye kiti chake cha plastiki, na Mama Vikapu akamwonea huruma kwa muda wote uliomtosha kufunga kitambaa kichwani na kutoka.

Binti yao, aliyeolewa mbali na anayejua mambo ya nyumba ile kuliko waliomo, alimshauri kwa simu amvumilie baba na kumpa kazi ndogondogo. Kazi ndogondogo, kana kwamba mtu mzima mwenye mvi anapewa rangi na karatasi atulie pembeni. Lakini alijikaza, akampa fito azimenye. Akazimenya vizuri. Siku ya pili akataka kusuka, naye akamfundisha, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba mzee alielewa upesi. Vidole vilivyozoea kupapasa nyuma ya masinki pasipoonekana havikusumbuka na fito. Ubavu wake ulinyooka mpaka ukatia wivu. Tatizo lilikuwa kitako. Alikibana kama anaziba tangi. Kisha alikuwa anakiinua kikapu juu, anakielekeza juani, anaguna.

"Hapa kuna mwanga," alisema.

"Panatakiwa mwanga."

"Mwanga ukipita, na maji yatapita."

"Nani kakwambia tunakwenda kuchota maji?"

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa somo, na kesho yake akabana vilevile. Mama akafumua. Keshokutwa akabana tena. Akaelezwa taratibu, akaelezwa kwa mifano, akaelezwa kwa sauti iliyowafanya majirani wazime televisheni wasikilize vizuri. Kila mara alijibu kwamba anaelewa, ila roho yake haimruhusu kuacha tundu analoliona kwa macho yake. Kazi yote ya maisha yake ilikuwa kutafuta tundu na kuliziba, na sasa anaambiwa alitengeneze kwa makusudi. Mama Vikapu akamwambia basi asisuke vitako, asuke mbavu tu. Wakaishi kwa mkataba huo, yeye akianza chini na mume akipandisha juu, mama akivikagua vyote kwa kidole kabla ya kuvitundika ukutani.

Mvua za kwanza zilipokaribia, wanawake wenzake wa msituni walikuwa wameshaagiza vikapu vipya. Uyoga wa pale haumsubiri mtu. Unachomoza baada ya mvua kubwa ya kwanza, unakaa siku chache, unaoza, na aliyezubaa anangoja mwaka mwingine. Mama Vikapu alivimaliza vyote kwa wakati, vitako vyote vikiwa vya mkono wake, akavitundika kwenye misumari ya ukuta wa nyuma. Siku hiyohiyo akapigiwa simu kwamba mdogo wake amejifungua na hana wa kumkanda kwa maji ya moto. Akafunga mzigo wake. Akiwa mlangoni aligeuka, akamwonya mumewe asiviguse vile vikapu. Mume akasema hatavigusa, kwa sauti ya mtu ambaye kichwani ameshaanza kuvigusa.

Alirudi siku ambayo mvua kubwa ilikuwa imenyesha kabla ya alfajiri. Barabara ilikuwa imejaa madimbwi, na yeye alitembea harakaharaka na mzigo wake akihesabu kwamba akiwahi, atawakuta wenzake hawajaondoka. Alikuta ukuta mtupu. Mumewe alikuwa barazani amevaa shati la kutokea, amefurahi. Akamweleza kwamba wanawake walipita mapema wakigonga lango, naye akawagawia kila mmoja chake, hakuna aliyekosa. Mama Vikapu akashusha mzigo, akamshukuru kwa moyo mweupe kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa aliona kwamba mwanamume wa kushinda nyumbani naye ana faida yake.

"Na nilivirekebisha kidogo," mume akaongeza.

Mama akamtazama. Akamuuliza amerekebisha nini. Mzee akaeleza kwa mikono, kwa furaha ya fundi aliyekuwa hajapata kazi ya maana kwa muda mrefu. Alikuwa amechukua katani, ileile anayoizungushia mdomoni mwa bomba kabla ya kulikaza, akaisokota nyembamba, akaisindilia kwenye kila tundu la kila kitako kwa ncha ya bisibisi, kisha akaigongagonga ikae. Akapaka na nta kidogo juu yake, na ndani ya mbavu pia. Kikapu baada ya kikapu, siku zote ambazo mkewe hakuwepo. Alisema sasa hata siafu hapiti.

Mama Vikapu akaketi juu ya mzigo wake. Presha ilimpanda, ikashuka, ikapanda tena. Alitaka awakimbilie, lakini msitu ni mkubwa na kila mwanamke ana sehemu yake ambayo hamwonyeshi hata dada yake wa damu. Alasiri mbingu ikafunga tena. Mvua ikashuka nzito juu ya paa, juu ya machimbo, juu ya wenzake wote na vikapu vyao. Mume alimletea chai barazani, akaiweka kwenye stuli, akakaa karibu naye atazame mvua. Chai ile ilipoa bila kuguswa.

Wanawake walirudi mvua ilipokatika. Wa kwanza kuingia langoni alikuwa Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hana pa kuzimia, na jambo la kutisha ni kwamba alikuwa kimya. Nguo zimemganda mwilini, shingo imekakamaa. Akatua kikapu barazani kwa uangalifu, na ndani yake maji ya kahawia yakacheza kutoka ukingo huu hadi ule. Uyoga ulikuwa unaelea humo, umevunjika, umechanganyika na mchanga na majani, umeshaanza kuteleza kama sabuni iliyosahauliwa bafuni. Nyuma yake wakaingia wengine, kila mmoja akitua cha kwake, na hali ni ileile.

"Shemeji," Redio akasema, "mimi leo nimebeba bwawa kichwani. Kutoka msituni mpaka hapa, na halijadondoka hata tone."

Fundi Bomba alichuchumaa. Akapitisha kidole chini ya kikapu, kwenye kitako, akakitazama kile kidole. Kikavu. Akaenda kikapu cha pili, akapapasa. Uso ukaanza kumng'aa.

"Havikuvuja?" akauliza. "Hata kimoja?"

Mwanamke mmoja alicheka puani, akageukia ukutani. Wengine walimtazama Mama Vikapu, na yeye alitamani sakafu ifunguke imchukue yeye, au imchukue mume, au basi iwachukue wote wawili mambo yaishe. Aliwaomba radhi. Akasema kosa ni la kwake, maana angesemaje. Wakaitikia kwa heshima, ile heshima ya baridi ambayo ni afadhali matusi, wakaanza kuondoka mmojammoja wakiacha vikapu pale chini. Redio alibaki nyuma kidogo. Akamvuta pembeni, akazungumza kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuna aliyejua kama analiweza.

"Dada, kama umechoka, utuambie mapema. Tutafute msusi mwingine."

Maneno hayo yalimchoma mpaka mfupa. Mama Vikapu alisimama barazani hadi lango lilipofungwa. Mume alikuwa ameanza kumwaga maji ya vikapu kwenye mfereji wa uani, kimoja baada ya kingine, na pale ndipo mkewe alipopata mgongo wa kuusemea. Alisema yote. Alianza na mabomba anayoshindwa kuyafungua, akapita kwenye mwiko, kwenye vitunguu, kwenye kiti cha plastiki kinachohamishwa kufuata kivuli mpaka kinaziba njia. Alisema juu ya kidole kidogo na mara ngapi amekieleza. Alisema amebakiwa na kitu kimoja tu duniani ambacho watu wanamheshimu nacho, na hicho kimoja nacho kimezibwa kwa katani. Hakulia. Na kwa kuwa mume bado alikuwa amempa mgongo, akasema na lile ambalo hakuwa amepanga kulisema.

"Mimi nilizoea ukiondoka. Miaka yote hii nimezoea ukiondoka. Ukitoka, mimi ndio napumua."

Maji yalimalizika kwenye kikapu. Mzee alikishika bado kimeinama, akingoja tone la mwisho kwa mazoea.

"Nilikuwa naondoka ili nirudi," akasema. Hakugeuka. "Kila nikilala chini ya sinki la mtu, maji machafu yananidondokea usoni, nilikuwa najiambia ipo siku nitamaliza, nitarudi nyumbani, na sitatoka tena. Sasa nimerudi. Unataka nirudi wapi tena?"

Maneno hayo yalimkasirisha Mama Vikapu kuliko vikapu vyote. Alikuwa na haki. Kila mtu mwenye macho angesema ana haki, Redio angesimama shahidi, hata binti kwenye simu angekubali. Na sasa mtu huyu, kwa maneno machache tu ya kuusemea mfereji, alikuwa amemfanya aonekane mwanamke anayemfukuza mume kwake. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa nguvu, halafu ikabidi aufungue tena kwa sababu mzigo wake ulikuwa bado nje.

Asubuhi alimkuta uani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake yeye, kikapu kati ya magoti, koleo mkononi, anang'oa katani uzi kwa uzi na kuikwangua nta. Hakusema zaidi ya salamu. Hakuuliza chai iko wapi, akaenda kuichemsha mwenyewe. Hakusimama mlangoni mwa jikoni, hakuguna, hakusimulia. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, ukimya uleule alioutamani tangu siku ile ya kustaafu, na haukumfurahisha hata kidogo. Alipiga sufuria kwenye beseni ili pasikike kitu.

Vilipokwisha, mzee alivipanga ukutani akasogea kando. Mama akapitisha kidole kidogo chini ya kila kimoja. Kilipita. Kwenye kimoja kikakwama, akakirudisha, mume akachukua koleo tena. Kisha akavibeba mwenyewe nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemkaribisha aketi. Kwa Redio aliahidi kwamba uyoga uliobaki, wa siku hizo mbili tatu kabla haujaoza, ataokota yeye na kumpa kila mtu fidia ya ule uliomwagwa mferejini. Redio akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza ataokota kwa mikono mingapi, maana anajizungumzia kama wako kumi.

Swali lile alitembea nalo njia nzima ya kurudi. Alilijua jibu kabla hajafika langoni, na alilichukia. Alijua anachokitoa. Akamkuta mumewe kwenye kiti cha plastiki, kivulini, mikono juu ya mapaja.

"Vaa mabuti," akamwambia.

Fundi Bomba alianza kuongea kabla hawajapita nyumba ya mwisho. Aliongea machimboni, akieleza kokoto ipi inafaa kuzikia bomba na ipi inalitoboa. Aliongea kwenye kichaka cha miiba. Mama alimwomba anyamaze kidogo, akanyamaza kwa muda wa kuvuka mtaro, kisha akauliza mtaro ule unaelekea wapi. Ndege waliruka. Hakuna nyayo zilizosikika, za yeyote kati yao. Mama Vikapu aliuma meno, akasonga mbele, akijiambia kwamba fidia ni fidia.

Uyoga ulikuwepo bado, chini ya miti ya upande wa bondeni. Alimwonyesha namna ya kuukata kwa kisu chini ya shina bila kuung'oa, upi wa kuchukua na upi wa kuuacha hata kama unapendeza. Mzee akapiga magoti kwenye matope, lile goti bovu likalia. Aliokota polepole, kwa adabu, akilaza kila uyoga kikapuni kama anaweka yai. Kikapu kikajaa. Akakiinua, na kwenye kitako, kupitia nafasi zile alizozifungua mwenyewe, mchanga na vumbi la uyoga vikaanza kudondoka.

Naye, bila kufikiri, akakinga kiganja chini yake.

Walitembea hivyo. Mkono mmoja umeshika kikapu, mwingine umefunuliwa chini yake, mgongo umepinda, uchafu wa msitu ukijaa kiganjani. Mama Vikapu alimtazama mpaka akashindwa.

"Acha udondoke, mzee."

"Kinavuja, mama."

"Najua. Acha kivuje."

Mzee akautoa mkono chini ya kikapu, akaumwaga uchafu. Lakini hakujua aupeleke wapi. Ulikaa hewani mbele yake, umefunuliwa, mtupu, mkono wa mtu aliyekuwa na kazi jana na leo hana. Mama Vikapu alitazama nyuma, kuhakikisha Redio hayuko karibu. Kisha akaushika, pamoja na matope yake yote, akaenda nao.